Safu Tupu Kwenye Rejista Yangu ya Kwanza

Wiki mbili baada ya sherehe ya kuniaga, na ile saa ya ukutani mliyonipa ikiwa tayari inachelewa kwa dakika kumi, Sista Jepkosgei alikuja kunitembelea hapa nyumbani kwangu Pioneer. Ndiye mliyemkalisha kwenye kiti changu, na nimefurahi, maana anapenda watu kabla ya kupenda karatasi. Alikuwa amebeba rejista kuukuu aliyoikuta stoo, jalada lake limetafunwa na panya.

"Mama Wairimu," akaniambia, "hii ndiyo rejista yako ya kwanza. Kila kitu umepiga mstari na rula, poa kabisa. Lakini hii safu ya 'Mimba ya ngapi' iko tupu, page baada ya page. Halafu page ya tisa umeandika 'tatu', mara moja tu! Wasichana wa maternity wamebishana wiki nzima. Wengine wanasema ulikuwa mvivu."

Hao waliosema nilikuwa mvivu nitawajua kwa majina. Kwa sasa nawaandikia nyote pamoja, na nitaanza mwanzo kabisa, siku niliposhuka kwenye basi na sanduku moja na baiskeli iliyofungwa juu ya paa.

Ilikuwa miaka michache tu baada ya uhuru. Mashamba ya wazungu yalikuwa yananunuliwa kila upande. Wenyeji wa Uasin Gishu walikuwa wamechanga katika vyama vyao vya ushirika, na watu wetu kutoka Nyeri na Murang'a wamechanga katika makampuni yao, na kamba ya kupimia ikawa inapita katikati ya shamba la ngano kuanzia asubuhi mpaka jioni. Malori yalishusha sufuria, kuku, vitanda, hata milango ya nyumba walizotoka. Kila baba alijua mpaka wa shamba lake ulipo, na angekuonyesha hata kama hukumwuliza. Lakini ungemwuliza mke wake atajifungulia wapi, angetazama milima. Hospitali ya misheni ilikuwa Plateau, maili nane kutoka kwetu, na wengi hawakujua kama ipo. Kazi yangu ilikuwa hiyo: kuwatafuta akina mama wajawazito, kuwapima, na kuwaambia msaada uko wapi kabla hawajauhitaji.

Kliniki yenyewe ilikuwa chumba ambacho mzungu aliyeuza alikuwa akiweka matandiko ya farasi. Miaka miwili kilinuka ngozi, na kila mtoto aliyepimwa humo alitoka akinuka kama farasi. Nilikuwa na jiko la mafuta ya taa la kuchemshia vyombo, mizani ya kuning'iniza, beseni mbili, na pembe ya mbao ya kusikilizia mtoto tumboni. Pembe hiyo alinipa mwalimu wangu wa ukunga siku niliyomaliza masomo. Alikuwa mama mkali, asiyetabasamu bure. Aliniambia mambo mawili tu: usiipashe moto pembe, itapasuka, na mama akiingia, tazama viatu vyake kabla hujatazama tumbo. Mwanamke mwenye mguu mdogo sana, mara nyingi na njia yake ya uzazi ni ndogo. Siku hizi mna mashine ya kuonyesha kila kitu, lakini mashine haimtazami mtu anapoingia mlangoni.

Siku ya kwanza walikuja wanawake sita, zaidi kwa kutaka kuniona mimi. Wa kwanza alikuwa na tumbo la miezi minane, huwezi kulificha hata nyuma ya ghala.

"Mama, hii ni mimba ya ngapi?" nikauliza, kalamu mkononi.

"Mimba gani?" akaniuliza.

Nikacheka nikidhani ni mzaha. Hakucheka. Wa pili akasema Mungu ndiye anajua. Wa tatu akasema amekuja kuomba dawa ya kikohozi. Wa nne alikuwa Mkikuyu mwenzangu, nikamsemesha kwa lugha ya nyumbani, nikidhani huyu sasa ni wangu. Akanitazama kama ninayemtukana mbele ya watu, akaniambia ana watoto "wale Mungu amenipa", akafunga leso yake akatoka.

Mimi nilikuwa na umri wa miaka ishirini na tatu na cheti kipya. Nikaamua shida ni kwamba akina mama hawa hawana mpangilio. Kwa hiyo nikawapangia. Kwa majuma matatu nilizunguka na baiskeli, nikichungulia na kukisia, nikaandika orodha safi yenye majina kumi na moja, na mbele ya kila jina mwezi wa kujifungua. Juu yake nikaandika kwa herufi kubwa: AKINA MAMA WANAOTARAJIA. Kisha nikatafuta mahali ambapo kila mtu ataiona. Kila asubuhi watu wote walipeleka maziwa kwenye stendi, jukwaa la mbao pembeni mwa barabara, ambapo mikebe ilipangwa ikisubiri lori la kwenda mjini, Eldoret, ambao wazee bado waliuita Sisibo. Jumamosi jioni nikaigongomelea orodha yangu hapo kwa misumari minne. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Jumatatu hakuja mtu. Jumatano hakuja mtu. Wiki iliyofuata alikuja mzee mmoja kutafuta matandiko ya farasi. Njiani nilipopita na baiskeli, wanawake waligeukia upande wa ua kama waliosahau kitu shambani. Nilikuwa nikikaa peke yangu kwenye kile chumba, nimechemsha vyombo ambavyo havijaguswa, halafu navichemsha tena.

Siku ya kumi na mbili mlango ukafunguliwa, akaingia bibi mmoja mrefu, mwenye masikio yaliyotobolewa na koti la kiume la mvua. Alikuwa Kogo Tapkigen. Kogo ni nyanya kwa lugha ya huko, na huyu alikuwa nyanya wa wilaya nzima, maana ndiye aliyewazalisha wanawake wa sehemu ile tangu wakati wazazi wao walikuwa wakilima kwa mzungu. Aliweka orodha yangu mezani, imekunjwa vizuri mara nne, na misumari minne juu yake.

"Wewe Nesi," akasema, "ni nani alikuambia uweke matumbo ya watu kwa barabara?"

Nikaanza kueleza mambo ya mpangilio. Akanisikiliza mpaka mwisho, na hiyo ndiyo iliyonimaliza.

"Mtoto hajatoka, wewe unamhesabu. Unamwita mbele ya mikebe, kila mtu anasoma. Hata kwenu huko Nyeri, watu wanahesabu hivyo?"

Mama yangu alituzaa tisa, na sijawahi hata siku moja kumsikia akitaja tisa. Alikuwa akisema "wale watu wangu". Mgeni akimwuliza wako wangapi, alijibu, "Waone, si hao wanakula?" Nilikuwa nimelelewa ndani ya hiyo desturi, nikaenda chuo miaka mitatu, nikarudi nikiwa nimeisahau kama mwavuli kwenye basi. Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto. Nikaichukua orodha, nikaichoma kwenye jiko la mafuta mbele yake.

"Sasa nifanye nini, Kogo?"

"Kesho utatembea na mimi. Hutauliza kitu. Utakunywa maziwa tu."

Nilikunywa maziwa. Siku sita nilikunywa mursik, maziwa yao ya kuganda, katika nyumba ishirini hivi, na katika nyumba za Wakikuyu nikanywa uji na kula viazi, na sikuuliza neno. Ilikuwa kazi ngumu kuliko mtihani wowote. Siku ya tatu wanawake walianza kunicheka waziwazi, na siku ya tano mmoja akaniuliza kama kweli ile pembe inasikia.

Kogo alinifundisha pia namna ya kupata nilichokuwa nikitafuta. Hauulizi idadi. Unauliza habari. "Mama, mliingia kwa hili shamba lini?" Naye ataanza: mwaka ule tulikula mahindi ya njano nilikuwa na mkubwa mgongoni, mvua ya mawe ilipoangusha ngano nilikuwa bado kitandani na huyu wa pili, mchanga, walipokuja na kamba ya kupima, nilikuwa nimenyonyesha miezi miwili. Wewe umekaa, unatikisa kichwa, na chini ya aproni unakunja vidole. Nilipata historia kamili kuliko ile fomu ingenipa, pamoja na habari za ng'ombe na ndugu wa mume. Safu ya "Mimba ya ngapi" niliiacha tupu. Idadi niliiweka kichwani, na kichwa changu wakati ule kilikuwa kizuri.

Metroni alipokuja kukagua, aliipitia rejista akauliza kwa nini nina uvivu. Nikampeleka akanywe mursik na Kogo. Alirudi jioni, akatia sahihi, na hakuniuliza tena.

Wazo la vitambaa pia lilikuwa la Kogo. Mwanamke hatasema, aliniambia, lakini anaweza kufunga kitu. Kila familia ilikuwa na mkebe wake wa maziwa wenye nambari iliyopakwa rangi. Nikachana shuka moja ya zamani vipande vipande, na sketi yangu nyekundu ya chuoni, ambayo hata hivyo ilikuwa imeanza kunibana. Kitambaa cheupe kwenye mpini wa mkebe kilikuwa na maana ya njoo unione ukipata nafasi. Chekundu, njoo sasa. Lori lilipita mbele ya kliniki kila asubuhi, na dereva wake, Githinji, alipiga honi na kunitajia nambari. Githinji alikuwa kapera wa miaka arobaini, na ghafla akawa mwanamume wa kwanza kujua kila mimba ya shamba zima, mara nyingi kabla ya mwenye mke. Alianza kuvaa tai. Bwana mmoja alikuta kitambaa cheupe kwenye mkebe wake, akadhani ni mchezo wa watoto, akakitupa. Mara tatu mkewe akakifunga tena, mara ya nne akakifunga kwenye kofia ya mumewe. Ndivyo alivyopata habari.

Miezi minne haikuisha kabla ya chumba cha matandiko kujaa. Waliketi mpaka nje kwenye nyasi, Wakalenjin na Wakikuyu, wakifundishana kusuka na kusema vibaya juu ya waume zao, na hapo ndipo niligundua kwamba malalamiko ni yale yale. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba nilikuwa naamka kabla ya jogoo bila sababu.

Sasa nifike kwa Rael.

Rael alikuwa mke wa Kiprop, na Kiprop alikuwa mwana wa mwisho wa Kogo Tapkigen. Mkebe wao ulikuwa nambari kumi na saba. Aliingia siku moja na mama mkwe wake nyuma yake, na mimi, kama nilivyofundishwa, nikatazama chini. Alikuwa amevaa viatu vya mwanafunzi wa darasa la pili. Alikuwa mfupi, mwepesi wa kutabasamu, lakini tabasamu lilikuwa linakatika katikati.

Nikamwuliza Kogo habari, nikaweka mikono chini ya aproni.

"Alizaa ule mwaka wa mahindi ya njano," Kogo akasema, akitazama ukuta. "Siku mbili na nusu. Mimi ndiye nilimshika. Akatoka amenyamaza."

Nikakunja kidole.

"Akazaa tena wakati walikuwa wanapima na kamba. Siku mbili. Huyo pia alinyamaza."

Nikakunja cha pili. Rael alikuwa anaviringisha ncha ya leso yake. Nikampima kwa mikono yangu, nikapima tena kwa sababu sikutaka kuamini, na nikajua kwamba huyu akizalia nyumbani, tutakunja kidole cha tatu. Pengine na yeye mwenyewe.

Nikasema wazi: Rael lazima akajifungulie hospitali Plateau, na akianza uchungu tu, asisubiri hata saa moja. Kogo alisimama. Akafunga vifungo vya koti lake. Mwanamke aliyepokea watoto wa wilaya nzima, na mimi msichana wa majuzi namwambia mbele ya mkwe wake kwamba mikono yake haitoshi. Nilifikiri nimempoteza, na nikimpoteza yeye nimempoteza na Rael, kwa sababu hakuna aliyetoka nyumba ile bila neno la Kogo.

Sijui ni nini kilichonituma, lakini nilichukua pembe nikampa. "Sikiliza kwanza, Kogo. Halafu ukatae."

Alipiga magoti kando ya kitanda, nikamwonyesha mahali, akaweka sikio. Nje akina mama walikuwa wakicheka. Halafu nikaona uso wake unabadilika, kidogo kidogo.

"Huyu anaongea," akasema. "Anaongea kwa haraka."

"Wote huongea hivyo wakiwa ndani, Kogo."

"Hata wale?"

"Hata wale."

Aliinuka, akafuta pembe kwa koti lake, akanirudishia. "Tutaona," akasema, wakaenda. Kuanzia siku hiyo alikuwa akija kila juma kuazima pembe yangu, akisema ni kwa ajili ya wanawake wengine. Sikumwuliza ni wepi.

Mwezi wa mwisho sikulala vizuri. Kila asubuhi nilisimama mlangoni nikisubiri lori, nikiogopa kwamba uchungu utaanza, nao watamfungia ndani na kusubiri, kama walivyozoea, na mkebe nambari kumi na saba utapita bila kitambaa. Siku kumi na nne ulipita hivyo.

Siku ya kumi na tano, saa moja asubuhi, nilisikia honi kutoka mbali, ndefu, isiyokatika. Lori lilikuja limeinama upande mmoja. Rael alikuwa amekaa mbele karibu na Githinji, ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Nyuma, juu ya mikebe, alikaa Kogo Tapkigen na koti lake la mvua, ameshikilia mkebe nambari kumi na saba kati ya magoti, kitambaa chekundu kinapepea.

"Ameanza alfajiri, nimefunga mwenyewe," akaniambia kutoka juu. "Leta pembe. Panda!"

Maili nane za barabara ile mnazijua ninyi mliozaliwa na lami? Githinji aliendesha kwa upole mpaka mayai yangefika salama, na kwa sababu hiyo Kogo akawa anagonga paa la lori kwa ngumi.

"Wewe Githinji! Unabeba maziwa ama unabeba mtu?"

"Nabeba vyote viwili, Kogo! Nikikimbia unanigombeza, nikienda polepole unanigombeza!"

Katikati ya safari akagonga mara tatu. "Simama! Zima hiyo kitu." Githinji akazima injini. Kogo akashuka kwa miguu yake mirefu, akachukua pembe mkononi mwangu, akaiweka kwenye tumbo la Rael pale pale kitini. Githinji aliangalia nje kwenye ngano kwa adabu. Nakumbuka maziwa yakichezacheza ndani ya mikebe, kisha yakatulia.

"Bado anaongea," Kogo akasema. "Enda."

Alitusimamisha hivyo mara mbili zaidi. Plateau daktari alimpima Rael, akatazama viatu vyake, nami nikampenda hapo hapo. Akasema atampasua bila kuchelewa. Kogo aliuliza kupasua ni nini, nikamweleza, akakaa kwenye benchi akiwa amekumbatia pembe. Ng'ombe wa misheni walikuwa ndio kwanza wanatolewa kwenda malishoni tuliposikia sauti kutoka ndani: kali, ya kulalamika, ya mtu aliyeamshwa vibaya.

Kogo Tapkigen, mwenye umri ambao mwenyewe hakuutaja, alisimama katikati ya korido ya misheni akapiga vigelegele mpaka sista mmoja akatoka mbio na kidole mdomoni. Kisha sista akaona uso wake, akaondoa kidole. Githinji alikuwa analia kwenye tai. Mimi nilikuwa nimemshika Kogo mkono na wote wawili tulikuwa tunaruka kama wasichana wa shule. Alikuwa msichana, wakamwita Chelimo, yaani aliyezaliwa ng'ombe wakienda malishoni, kwa ajili ya ng'ombe wale wa asubuhi. Maziwa ya shamba zima yaliganda juani kwenye lango la hospitali. Wenye mikebe walipopata habari hakuna aliyelalamika, isipokuwa mmoja, na yeye hulalamika hata mvua ikija kwa wakati.

Juma zima kitanda cha Rael hakikukosa wageni. Wakalenjin walileta mursik, Wakikuyu wakaleta njahi, yale maharagwe meusi ya mama aliyejifungua, na kila upande ulisema chakula cha mwingine hakiongezi maziwa, huku Rael akila vyote.

Siku ya nane nilikwenda na rejista niandike. Nikakaa kando ya kitanda, Kogo upande wa pili. Jina, shamba, mkebe, tarehe, uzito. Nikafika kwenye ile safu, nikairuka kama kawaida yangu.

"Nesi," Rael akasema, "hapo umeruka."

Nilikuwa nimesahau kwamba alisoma mpaka darasa la nne.

"Hapo tunaacha tu, Rael."

"Mimi usiniache. Andika tatu."

Alisema bila kuinua sauti, Chelimo ananyonya. Nikamtazama Kogo. Alikuwa ameangalia dirishani, na mikono yake mikubwa ilikuwa juu ya magoti, imefunguliwa, kama ameshika kitu.

"Andika," akasema. "Mimi niliwapokea wote. Nazijua sura zao."

Nikaandika kwa wino, nikaikandamiza kalamu mpaka ile tatu ikatokea upande wa pili. Geuzeni ukurasa wa tisa mpapase kwa kidole, bado ipo.